Itifaki ya Midomo Wazi

Mimi nasomea meno. Mdomo wa mtu haunitishi. Nimeshachungulia magego yaliyotoboka mpaka yakabaki maganda, nimeshakamua usaha kwenye fizi za mzee aliyekuwa ananiomba samahani kwa harufu huku machozi yakimtoka, na nikitoka hapo nanawa, nakwenda kula. Darasani wanasema nina roho ngumu. Kwa hiyo nikisema upo mdomo mmoja ulionitapisha, wanaonijua wanadhani naongelea ugonjwa. Siongelei ugonjwa. Mdomo wenyewe ulikuwa msafi, meno yamejipanga vizuri, hata doa halipo.

Ulikuwa mdomo wa Radi, mwenyekiti wetu wa wanafunzi.

Jina la Radi alipewa bwenini, kwa sababu akianza kuongea kwenye korido hata aliyelala chumba cha mwisho anaamka. Chuo kilipotoa amri kwamba wanafunzi wasikusanyike popote, hata kwa kujisomea, bila kibali cha mlezi wa wanafunzi, Radi ndiye aliyepanda juu ya sinki la kufulia akasema hatuwezi kuombea ruhusa midomo tuliyozaliwa nayo. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Pale pale kikundi chetu kikapata jina, Midomo Wazi, na mimi kwa kazi yangu nikalipenda kupita kiasi. "Fungua mdomo" ndilo neno la kwanza tunalofundishwa kumwambia mgonjwa.

Lakini aliyeufungua kweli alikuwa mdogo wangu.

Nyumbani tunamwita Kiroboto, maana ni mdogo wa umbo na tangu utotoni hamwachi mtu alale. Alikuwa mwaka wa kwanza, anasomea maabara. Mchana mmoja kwenye bwalo, mlezi wa wanafunzi alipita akawatawanya wasichana waliokuwa wamekaa meza moja wakiulizana maswali ya mtihani. Kiroboto akapanda kwenye benchi, sahani mkononi, akamuuliza kama kula pamoja nako ni mkusanyiko. Na kama ni mkusanyiko, mbona haya maharage yameanza kuliwa kabla kibali hakijatoka? Bwalo zima likaangua kicheko. Mlezi hakucheka. Walinzi walimshusha mdogo wangu kwa kumvuta sketi, sahani ikamwagika, na usiku ule akalala kituo cha polisi mpaka mama alipokwenda kumdhamini. Hakuna aliyekula tena yale maharage ya sakafuni, lakini kila mtu aliyamaliza ya kwenye sahani yake. Hilo nalikumbuka vizuri.

Akasimamishwa masomo mpaka kikao cha nidhamu kikae, na kikao chenyewe kikapangwa baada ya mitihani. Chuoni kwetu, wa mwaka wa kwanza asiyefanya mitihani anapoteza nafasi yake, basi, habari yake imekwisha. Kwa maneno mengine walikuwa wamemfukuza bila kujisumbua kumfukuza.

Mtu pekee aliyeweza kumrudisha kwa neno moja alikuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo, na bahati ikatuangukia: alikuwa anakuja kuwa mgeni rasmi wa uzinduzi wa ukumbi mpya, siku ya Ijumaa. Mitihani ilikuwa inaanza Jumatatu. Kwenye ratiba ya sherehe wanafunzi tulipewa dakika tano za salamu. Radi ndiye angezitoa.

Tulikutana kwenye stoo ya vifaa vya michezo, kwa siri, kati ya mipira isiyo na upepo na jezi zinazonuka jasho la watu waliokwisha kuhitimu. Niliandika sentensi moja nikamsomea Radi: mrudisheni mwenzetu darasani kabla ya mitihani, na mfute amri ya vibali. Nilimwambia aanze na hiyo, na akibaki na muda aseme mengine yoyote anayotaka.

Radi aliitazama ile sentensi kwa huruma.

"Ni nzuri, Dokta," akasema. "Ila iko uchi. Haiwezi kuingia mbele za watu wazima namna hii. Lazima tuivishe."

Basi wakaanza kuivisha. Katibu wetu, binti nadhifu anayepiga pasi hata leso, akasema mtu ukimkosea itifaki hakusikilizi hata ukimletea habari za nyumba yake kuungua. Sasa nani anatangulia? Mkuu wa chuo au wajumbe wa bodi? Wajumbe wa bodi au mke wa mgeni rasmi? Mkandarasi aliyejenga ukumbi ni mheshimiwa au ni ndugu tu? Walibishana jioni nzima, watu walioapa kutoomba ruhusa ya kusema, wakipanga vyeo kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Kila nilipouliza kuhusu Kiroboto nilijibiwa kwamba hilo limekwisha, hilo tumekubaliana, hilo halina shida. Nilitoka pale na ladha mbaya ulimini, kama niliyeng'ata sarafu.

Suti Radi hakuwa nayo. Mama yangu ni fundi cherehani, ana chumba chake cha mbele chenye mashine mbili na kioo kirefu. Aliposikia ni kwa ajili ya binti yake, alifungua sanduku akatoa koti la marehemu baba, koti la kijivu ambalo hata sisi tulikuwa tunaogopa kulishika. Radi akasimama mbele ya kioo, mama akampunguza mikono, akambana mgongo, akamshonea vifungo vipya. Hakumtoza hata hela ya uzi. Kiroboto alikuwa amekaa chini anaokota vipande vya nguo, na alimwambia Radi jambo moja tu, kwamba yeye hataki kusifiwa wala kutajwa, anataka kiti chake cha mtihani. Radi akamshika bega. Akamwambia atulie, Jumatatu ataingia darasani akisindikizwa na mabango.

Ijumaa mama alifunga duka. Kiroboto haruhusiwi kuvuka geti, kwa hiyo wakasimama nje ya ukuta, upande wa ukumbi, kwenye kivuli cha kibanda cha walinzi. Vipaza sauti vilikuwa vimefungwa mpaka nje ili mtaa mzima usikie maendeleo. Niliwaacha pale, mama amevaa gauni lake la harusi za watu, nikaingia.

Ukumbi ulikuwa bado unanuka rangi. Viti vilikuwa na nailoni, kila mtu akijisogeza vinalia. Mgeni rasmi alichelewa, akapanda mche wa mti mlangoni mbele ya kamera, akanawa mikono kwa maji ya chupa aliyomiminiwa na mkuu wa chuo mwenyewe, mtu mwenye shahada tatu, kainama kashika taulo. Nyuma ya ukumbi wapishi walikuwa wanafunua na kufunika sufuria, na kila zilipofunuliwa vichwa vya wanafunzi vinageuka. Niliwaangalia wenzangu wa Midomo Wazi. Midomo kweli ilikuwa wazi, na wengine walikuwa wanameza mate.

Kisha mshereheshaji akamwita Radi.

Alipendeza, siwezi kusema uongo. Koti lilimkaa kama alizaliwa nalo. Alipanda jukwaani, akainama mbele ya meza kuu, akainama tena, na mara ya tatu akainama mpaka nikaogopa mshono wa mgongoni utaachia. Haukuachia, mama hashoni ovyo. Akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akaanza, na sauti yake ile ya korido ikawa nyembamba, laini, yenye mafuta. Akamtaja mgeni rasmi kwa vyeo vyake vyote, vya sasa na alivyokwisha kustaafu. Mgeni akanyanyuka nusu, akapunga mkono, watu wakapiga makofi. Akamtaja mke wa mgeni rasmi, mama yetu, nguzo yetu. Akanyanyuka nusu, makofi. Mkuu wa chuo, makofi. Wajumbe wa bodi mmoja mmoja, na kila mmoja na makofi yake. Halafu akafika kwa yule mtu aliyeamuru mdogo wangu avutwe sketi mbele ya bwalo zima.

"Mlezi wetu mpendwa wa wanafunzi," akasema Radi, "baba asiyechoka."

Baba asiyechoka akanyanyuka nusu. Na waliokaa pembeni yangu, wale wale waliocheka bwaloni, wakapiga makofi. Nilitazama mikono yao ikigongana nikashangaa kwamba mikono haina aibu.

Nilijipa moyo. Nilijiambia anawalainisha, sasa hivi anafika. Viongozi wa dini wakatajwa, wafadhili wakatajwa, wapishi, madereva, mafundi mitambo. Nikiwa naegemea mbele kusikia sentensi yangu, Katibu, aliyekaa safu ya kwanza, akamwonyesha Radi kwa kidole mtu mmoja mnene mwenye kofia. Mkandarasi. Alikuwa amesahauliwa.

Radi akaomba radhi. Akaomba radhi kwa mkandarasi, kwa mgeni rasmi, na kwa ukumbi wenyewe, akasema kwamba kumtaja mheshimiwa kama huyu mwisho, baada ya madereva, ni utovu wa adabu ambao wazazi wake hawakumfundisha.

"Kwa hiyo, kwa ridhaa yenu," akasema, "naomba nianze upya."

Na akaanza upya. Mheshimiwa mgeni rasmi. Nusu kunyanyuka, makofi. Mke wake, nguzo yetu. Nusu kunyanyuka, makofi. Mkandarasi safari hii akakaa mahali pake, katikati ya bodi na mlezi, akavua kofia, akaivaa. Radi alikuwa ananogewa. Mimi nakaa mbele ya midomo mchana kutwa, najua mdomo wa mtu anayeumwa, na najua mdomo wa mtu anayekula kitu kitamu. Ule ulikuwa unakula. Kila cheo alikizungusha ulimini kama pipi kabla hajakiachia, mate yakikusanyika kwenye pembe, na alipokitoa alimeza. Nilihisi kinyaa ambacho sijawahi kukihisi kwa kidonda chochote. Kidonda hakijipendekezi kwa mtu.

"Na wote ambao hawakuweza kufika hapa kutokana na sababu mbalimbali," akamalizia, "itifaki imezingatiwa."

Mshereheshaji alikuwa amekwisha simama pembeni yake anagonga saa ya mkononi. Radi akamwangalia, akaangalia meza kuu, akaangalia sufuria kule nyuma. Niliiona sentensi ikimfika kooni. Naapa niliiona, koo lilipanda. Kisha likashuka.

"Kwa hayo machache," akasema Radi, "naomba kuwasilisha."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mgeni rasmi alivuta kipaza sauti chake akasema amehudhuria sherehe nyingi, lakini hajapata kusikia kijana mwenye heshima namna hii, na kama vijana wote wangekuwa hivi basi nchi isingekuwa na kelele. Akamwita Radi asogee, akamwambia akihitimu asitafute kazi, amtafute yeye. Radi akashika mkono wa mgeni kwa mikono yake miwili. Hakuuachia mapema.

Sikupanga kusimama. Kiti kililia, nailoni ikanibanduka, nikajikuta niko wima na watu wananitazama.

"Mrudisheni mdogo wangu darasani kabla ya mitihani," nikasema. "Na mfute amri ya vibali."

Yalikuwa karibu maneno yale yale, na yalitoka upesi kuliko nilivyodhani. Ningeweza kuyasema mara nyingi sana ndani ya zile dakika tano. Nilitegemea mtu mmoja aongeze sauti, hata wa kukohoa tu. Badala yake dada mmoja wa Midomo Wazi, ambaye nilishamng'oa jino bure, akanivuta sketi akaninong'oneza nikae, namwaibisha Radi, na chakula kinapoa.

Mgeni rasmi hakunijibu mimi. Alimgeukia Radi, ambaye bado alikuwa amesimama karibu naye, na kipaza sauti kilikuwa wazi, kila mtu alisikia ndani na nje.

"Huyu binti ana kibali cha kuongea?"

Radi aliniangalia. Nataka kuamini kwamba iliuma. Alilamba midomo.

"Hana, mheshimiwa," akasema.

Mgeni akaeleza kwa upole kwamba mambo ya nidhamu yana utaratibu wake na yatashughulikiwa baada ya mitihani kama yalivyopangwa, na kwamba ukumbi huu mzuri hakuuzindua ili watu wafokeane. Makofi. Walinzi wawili wakanishika viwiko, si kwa nguvu, kwa sababu palikuwa na kamera, wakanipitisha katikati ya viti. Nilipita karibu na sufuria. Harufu ya nyama na mafuta, harufu ya rangi, manukato ya wake za wakubwa, vyote vikaniingia kwa pamoja, na juu yake sauti ya Radi ikimshukuru mgeni kwa busara zake.

Mlangoni nikatapika. Mimi, mwenye roho ngumu, nilitapika mpaka nyongo, na nikatapikia pale pale kwenye shina la mti uliopandwa asubuhi ile na mgeni rasmi, juu ya kibao chenye jina lake. Mlinzi mmoja akaruka nyuma. Mwingine, mtu mzima, akanishika paji la uso kama anavyoshikwa mtoto, akaniambia nitoe yote nisibakize. Kisha akanivua kitambulisho shingoni, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Bila kitambulisho huingii kwenye chumba cha mtihani.

Nje ya geti mama alikuwa amesimama vile vile nilivyomwacha. Alinifuta mdomo kwa upindo wa kanga aliyojifunga juu ya gauni lake zuri. Hakuuliza kuhusu kitambulisho; aliona shingo yangu tupu akaelewa.

"Nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho," akasema. "Huenda masikio yangu. Mbona sikusikia akimtaja mwenzenu?"

Kiroboto ndiye aliyejibu. Alikuwa ameegemea ukuta, anachezea kipande cha uzi.

"Alinitaja, mama," akasema. "Si alisema na wote ambao hawakuweza kufika kutokana na sababu mbalimbali? Hao ndio mimi. Na mara ya pili alitamka vizuri zaidi."

Mama hakucheka. Aligeuka akatazama geti, akasema sisi tutangulie kama tumechoka, yeye ana kitu chake humo ndani anakisubiri. Hatukutangulia. Tulisubiri naye wakati vipaza sauti vikitangaza meza gani ianze kula, ya pili ipi, wanafunzi mwisho.

Walitoka wameshiba. Radi alikuwa mbele ya msafara, anamfungulia mgeni rasmi mlango wa gari, mkono mmoja juu ya paa la gari asije mkubwa akagonga kichwa. Mdomoni alikuwa na kijiti. Mama alivuka geti moja kwa moja, na yule mlinzi mtu mzima akageuza uso kuangalia kwingine. Radi alimwona akakitema kijiti haraka, akaunganisha viganja.

"Shikamoo mama. Mama yangu mzazi, kwanza kabisa napenda kuchukua nafasi hii..."

"Vua koti la mume wangu."

"Mama, naomba nikueleze, hali ya mle ndani..."

"Vua."

Mgeni rasmi alikuwa amekaa garini, mlango wazi, anaangalia. Radi alivua mkono mmoja, akavua wa pili. Shati la ndani lilikuwa limelowa mgongo mzima na kola yake imechanika. Ndiyo maana alikuwa ameng'ang'ania lile koti kwenye joto lote lile. Alisimama akijikumbatia, akitafuta neno, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakulipata. Mgeni akavuta mlango wa gari mwenyewe.

Mama akalikagua koti kwenye mwanga, akalikung'uta punje za wali, akalikunja ndani nje na kulitia kwapani. Jumatatu asubuhi tulikuwa chumba cha mbele, mimi na Kiroboto, kila mmoja kwenye mashine yake, tunajifunza kushona vifungo.